Afande Akiuliza, Mtoto Ajibu Nini?

Somo: Matendo ya Mitume 22:22–29 na 23:12–24



Jumapili iliyopita katika darasa la watoto wakubwa, kijana mmoja wa gredi ya nane alimuuliza mwalimu wake swali, na mwalimu akaniletea mimi baada ya ibada. Swali lilikuwa hivi: "Polisi akiniuliza kitambulisho na mimi sina, nitakuwa nimefanya dhambi?"

Wengine waliokuwa karibu walicheka. Lakini hebu lirudie polepole. Mtoto hakuuliza kama atapigwa, wala kama atalala ndani. Aliuliza kama atakuwa amemkosea Mungu. Yaani kichwani mwake, mtu wa sare akikusimamisha, basi lazima kuna uovu ndani yako ambao yeye ameuona na wewe hujauona. Mtoto akikua na wazo hilo atakuwa mtu wa kuinama mbele ya kila mwenye kofia, au siku moja atachoka kuinama na aanze kurusha mawe.

Jibu fupi analostahili ni hapana. Hapa Kenya kitambulisho cha taifa hupewa mtu aliyetimiza miaka 18. Wa miaka 14 hana kwa sababu sheria yenyewe haijampa. Kukosa kitu ambacho hujapewa si dhambi na si aibu. Anachoweza kubeba ni kadi ya shule kama anayo, ama kopi ya cheti cha kuzaliwa, na nambari ya simu ya mzazi aliyoishika kwa kichwa. Hiyo ya kichwa ndiyo bora, manake simu huisha chaji na karatasi hulowa.

Ningeishia hapo kama swali lingekuwa la karatasi tu. Lakini nani alimfundisha mtoto huyu kwamba kuulizwa ni kuhukumiwa? Tuseme ukweli: ni sisi. Mtoto wa miaka mitatu akikataa uji tunamwambia, "Kunywa, la sivyo namwita polisi." Akilia usiku, "Nyamaza, askari wanapita." Tunamtumia afande kama zimwi la nyumbani kwa sababu ni rahisi kuliko kumlea mtoto. Halafu akifika miaka kumi na nne, kijana mrefu, sauti imevunjika, tunashangaa kwa nini akiona landikruza ya polisi pale stejini anatoka mbio. Na kwa hali ya siku hizi, kutoka mbio ndilo jambo baya kuliko yote anayoweza kufanya.

Anayeishi huku kwetu, kuanzia Bombolulu na Ziwa la Ng'ombe mpaka Mshomoroni, Mtopanga na Kisauni, hahitaji kuelezwa hali. Tumekuwa na vijana wa mapanga, wengine umri wao ni ule ule wa watoto wetu wa Sande skuli. Kukitokea shambulio, polisi hufanya msako, na katika msako kila kijana aliyesimama kwa kikundi jioni ni mshukiwa. Mzazi mwenye mtoto wa kiume mwenye mwili mkubwa huwa hatulii mpaka amsikie akifungua mlango.

Sasa, kabla hatujawalaumu polisi, tukumbuke mbona wanauliza. Tarehe 23 Machi 2014, siku ya Jumapili, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa la Joy in Jesus kule Likoni wakafyatua risasi ibada ikiendelea. Waumini walikufa, na mtoto mchanga aliponea chupuchupu akiwa na risasi kichwani. Baada ya siku ile makanisa mengi ya Mombasa, makubwa kwa madogo, yaliweka watu langoni wa kukagua mifuko. Ushers wetu wenyewe hufanya hivyo. Mgeni akija na begi kubwa huulizwa: "Karibu ndugu, umetoka wapi? Tunaomba kuangalia." Hakuna anayemwona usher ni adui. Tunajua analinda waliomo ndani. Kwa hiyo kuulizwa "wewe ni nani" si tusi. Mtoto alijue hilo kwanza, kabla ya mambo ya haki, ili asianze na kinyongo.

Lakini pia tuwaelewe wazee ambao neno hilo linawachoma. Wako washirika wetu ambao mpaka leo hawasemi kitambulisho, wanasema kipande. Kipande kilitokana na sheria ya mkoloni ya mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kukibeba, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Kiliandikwa tajiri wako ni nani, unalipwa ngapi, umeanza kazi lini. Karatasi ile ilikuwepo kwa ajili ya tajiri, asimpoteze mfanyakazi. Kitambulisho cha leo kinapaswa kuwa kinyume chake. Kinasema huyu ni wa hapa, ana haki hapa. Ndiyo maana ndugu zetu Wamakonde mwaka 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kukiomba, na Wapemba wa pwani hii wakatambuliwa kuwa raia mwaka 2023 baada ya kuishi hapa vizazi na vizazi. Mtu hatembei umbali huo kuomba mnyororo.

Turudi kwa Paulo, manake Neno limelizungumza jambo hili waziwazi kuliko tunavyodhani.

Katika Matendo 22 kuna fujo Yerusalemu. Jemadari wa Kirumi anamkamata Paulo, na kwa kuwa haelewi watu wanapiga kelele za nini, anaamuru apigwe mijeledi mpaka aseme. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kumhoji mtu asiyejulikana. Paulo ameshafungwa kamba, tayari kwa kipigo, na akida amesimama pembeni. Sasa angalia anachofanya. Hatukani, hasukumani, wala haanzi kuhubiri. Anamuuliza akida swali moja: je, sheria inakuruhusu kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa? Basi. Lile swali linapanda kutoka kwa akida kwenda kwa jemadari, na jemadari anaogopa kwa kuwa amemfunga raia.

Wako wapendwa wanaosema Mkristo hadai haki, Mkristo husamehe na kugeuza shavu. Wananitajia Warumi 13, kwamba mamlaka imewekwa na Mungu. Nami naamini Warumi 13, kila mstari. Lakini aliyeiandika Warumi 13 ndiye huyu huyu aliyemuuliza akida swali. Hakuona mgongano. Sura hiyo inamwita mwenye mamlaka mtumishi, na mtumishi ana bwana na ana maagizo. Polisi wetu wenyewe wameandika "Utumishi kwa Wote" kama wito wao. Mtu akikukumbusha maagizo ya bwana wako kwa heshima, hajakuasi wewe.

Maagizo yenyewe ni yapi? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuzungumza na wakili na mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Asilazimishwe kukiri. Afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, isipite saa 24, na saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, basi siku inayofuata ya mahakama. Ndio maana anayekamatwa Ijumaa jioni mara nyingi huonekana kortini Jumatatu. Kwa mtoto, kifungu cha 53 kinaongeza: asizuiliwe isipokuwa kama hakuna njia nyingine kabisa, iwe kwa muda mfupi iwezekanavyo, na asiwekwe pamoja na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 imesema mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kuhesabiwa kuwa na hatia ya jinai. Zamani ilikuwa miaka 8.

Na kuna moja ambalo watoto hulipenda wakilisikia. Sheria ya polisi ya mwaka 2011 inamtaka askari aliyevaa sare awe na jina lake au nambari yake ya kazi mahali panapoonekana. Kwa hiyo kabla hajakuuliza wewe ni nani, sheria imeshamtaka yeye aseme ni nani. Mtoto anayejua kusoma asome lile jina na alikumbuke. Hana haja ya kulitaja kwa sauti, wala kumtolea askari simu usoni.

Wapo watakaouliza: haki ya kunyamaza, si ni kuficha? Tunawafundisha watoto kusema kweli, halafu tunawaambia wana haki ya kutosema? Hili limenisumbua kidogo, na nadhani jibu liko katika usiku mmoja wa Pasaka. Usiku ule watu wawili waliulizwa wao ni nani. Petro, uani, aliulizwa mara tatu kama ni mmoja wao. Hata lafudhi yake ya Kigalilaya ilimchoma, kama vile lafudhi inavyowachoma watu hapa petu, huyu wa bara, huyu wa Lamu. Akakana kwa kiapo. Yesu naye aliulizwa maswali mengi, na kwa mengi alinyamaza, mpaka liwali akastaajabu. Kwa Herode hakujibu hata neno moja. Wote wawili hawakusema kila kitu, lakini mmoja alitoka nje akalia kwa uchungu na mwingine hakuwa na la kulia. Kunyamaza kunauacha ukweli pale ulipo. Uongo unaweka kitu kingine mahali pake.

Kwa hiyo kijana wa miaka 19 asiseme ana 16 ili aachiliwe. Na wa miaka 16 asijitie ukubwa mbele ya marafiki. Jina lako ni jina lako, na la baba yako vilevile. Seme umri wako, shule yako, mtaa wenu, na nambari ya mzazi. Hayo ni ya kujulikana tu na hayana hatari. Zaidi ya hapo, kama unaulizwa ulikuwa wapi, na nani, mlifanya nini, unaweza kusema kwa upole: "Afande, nitajibu mzazi wangu akiwepo." Huo si uongo na si ukaidi. Kama kweli unajua jambo kuhusu vijana wenye mapanga, lisemwe, damu ya jirani si mchezo. Lakini lisemwe mzazi akiwa kando yako, si peke yako usiku ndani ya gari.

Sasa nifike kwa lile lililo gumu zaidi, manake najua mama mmoja huko nyuma ameshaanza kutikisa kichwa. Anasema: Mchungaji, hiyo Katiba ni nzuri, lakini wewe umewahi kumwona kijana akimuuliza afande "kwa kosa gani" na asichapwe kofi? Tukiwafundisha watoto haki, si tunawatuma kwa kipigo?

Hoja hiyo si ya mtu asiye na imani. Ni ya mtu aliyeona. Na mimi siwezi kumwambia mtoto wa mtu kwamba sheria ni ngao ya chuma. Agosti 2014, kule Kinango, Kwale, polisi walifika nyumbani usiku wakimtafuta mtu mwingine, na binti wa miaka 14 akapigwa risasi akafa. Hakuwa barabarani wala kwenye kikundi, alikuwa nyumbani kwao. Haki zote za kifungu cha 53 zilikuwa zake usiku ule, na hazikusimamisha ile risasi.

Lakini sikiliza kilichofuata. Mwili ulikuwa umeshazikwa. Ukafukuliwa, ukachunguzwa upya. Mamlaka ya IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kuchunguza polisi, ikafuatilia. Na Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwahukumu maafisa wawili miaka 7 jela kwa kuua bila kukusudia. Miaka 7 ni mingi ama ni michache, kila mzazi ana jibu lake, na mimi nina langu. Ninachotaka muone ni kwamba haki ile haikupotea kwa sababu ilikanyagwa. Ilisubiri watu wazima waiokote.

Paulo naye alilijua hili. Sisi hupenda kisa cha Yerusalemu kwa sababu aliuliza na kipigo kikazuiliwa. Lakini huko nyuma, Matendo 16, Filipi, alikuwa raia yule yule wa Rumi, na walimchapa bakora hadharani bila kesi, wakamfunga miguu kwenye mkatale. Uraia haukuzuia hata fimbo moja. Asubuhi mahakimu wakatuma watu, aachiliwe kimya kimya. Hapo ndipo akakataa. Akataka waje wenyewe wamtoe. Kwa nini, na alikuwa huru kwenda? Nadhani aliwafikiria akina Lidia na mlinzi wa gereza aliyeokoka usiku ule, kanisa changa litakalobaki mjini baada yake. Kama raia amechapwa na ikapita kimya, kesho watachapwa wao.

Haki, basi, ina nyakati mbili: kabla ya fimbo, na baada ya fimbo. Kosa letu ni kumtwika mtoto zote mbili. Barabarani, saa moja jioni, kazi ya mtoto ni moja: arudi nyumbani akiwa hai. Asikimbie. Mikono ionekane, isiingie mfukoni. Asiguse sare wala silaha. Aite "afande". Aseme jina lake. Kama askari ametulia, aulize kwa sauti ya chini maswali mawili, la kwanza, "Afande, umenikamata ama naweza kwenda?" na kama amekamatwa, "Ni kwa kosa gani, na tunaenda kituo kipi?" Kama askari ana hasira ama amelewa, asiulize hata hayo. Anyamaze, asome jina, aangalie gari, akumbuke saa. Kunyamaza mbele ya mtu mwenye hasira na bunduki si woga wala kukosa imani. Daudi alimkwepa Sauli zaidi ya mara moja na hakuna aliyemwita mwoga.

Wakati wa pili ni wetu. Haki ya mtoto ni deni la mtu mzima. Tukimfundisha mtoto kifungu cha 49 na sisi tukabaki nyumbani tukiogopa kwenda kituoni, tumemfundisha shairi tu.

Na hapa kuna jambo la kusemana ukweli, hata kama litauma. Kijana akishikwa, mara nyingi mama ndiye huenda. Anafika kituoni na elfu mbili amezifunga kwenye pembe ya leso. Anaambiwa, "Mama, tusaidiane, hii kesi ni nzito." Anazitoa. Mtoto anaachiliwa, wanarudi nyumbani, wanamshukuru Mungu, na mwezi unaofuata anashikwa tena, manake sasa anajulikana kuwa ni wa yule mama mwenye leso. Yohana Mbatizaji aliwaambia askari waliomjia wasimdhulumu mtu na watosheke na mshahara wao, Luka 3. Dhambi hiyo kwanza ni ya anayeomba. Lakini mtoto alikuwa amesimama pale akiangalia. Alijifunza nini kuhusu uhuru wake? Kwamba ni bidhaa. Jemadari yule wa Yerusalemu alimwambia Paulo kwamba uraia wake aliununua kwa pesa nyingi, na Paulo akajibu kwamba yeye alizaliwa nao. Mtoto wako amezaliwa na kitu, halafu unakinunua tena mbele yake kila mwezi.

Simhukumu mama huyo. Ni Ijumaa jioni, mbadala wake ni mtoto kulala seli mpaka Jumatatu, na yeye yuko peke yake. Ukimwambia tu "usitoe hongo" ukaenda zako nyumbani, wewe umejipatia utakatifu kwa gharama ya mtoto wake. Kinachomfanya atoe ni upweke. Akisimama pale kaunta pamoja na wazee wawili wa kanisa, na mmoja akauliza kwa adabu: mtoto huyu ameandikwa kwenye OB? nambari ya OB ni ngapi? afisa wa watoto amejulishwa? amewekwa wapi, pamoja na nani? hapo mazungumzo hubadilika. Dhamana ya polisi haiuzwi. Ikitakiwa pesa taslimu kama dhamana, hutolewa risiti, na pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha na masharti yametimizwa. Kesi ikienda mbele, iende mahakama ya watoto, kama ile ya Tononoka, si kuchanganywa na wakubwa. Na kama mtoto ameumizwa, hospitali kwanza, karatasi za daktari zitunzwe, halafu malalamiko yapelekwe IPOA. Nambari 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure, usiku na mchana.

Niongeze hili, na najua si wote watalipenda. Tunaposema "watoto wetu" tusihesabu wa kanisani tu. Novemba 2014 polisi walivamia misikiti minne ya Mombasa, miwili ikiwa ya hapa Kisauni. Walisema wamepata silaha. Mamia ya watu walikamatwa, wengi wakiwa vijana, na baadaye wengine wakaachiliwa bila mashtaka. Baadhi ya akina mama waliokaa nje ya vituo wiki ile ni majirani zetu wa ukuta kwa ukuta, tunaoazimana nao chumvi. Wangapi kati yetu tulikwenda kukaa nao? Tulikuwa bado na uchungu wa Likoni, naelewa. Lakini mtoto anayeona mzazi wake akidai haki kwa watu wa dini yake peke yake, anajifunza kwamba haki ni ya kabila na ya dhehebu. Ni somo baya kama lile la leso.

Nimalizie na yule kijana wa Matendo 23, ambaye mahubiri mengi humruka. Watu zaidi ya arobaini wameapa kutokula wala kunywa mpaka wamuue Paulo. Mwana wa dada yake Paulo anasikia. Hatuambiwi jina lake wala umri wake, tunaambiwa ni kijana tu. Anaingia ngome ya Warumi, yenye askari na mapanga, anamwambia mjomba wake, na mjomba anamwomba akida ampeleke kwa jemadari. Na jemadari, yule yule aliyetaka kumchapa Paulo bila kumuuliza, anamshika kijana mkono, anamvuta kando faraghani, anamuuliza: una habari gani ya kunipa? Anamsikiliza mpaka mwisho. Usiku huo anatoa askari 470 wamsindikize Paulo salama.

Siku chache tu kabla, askari huyu hakuuliza swali, aliagiza mijeledi. Biblia haisemi ni nini kilimbadilisha, ila katikati ya matukio hayo mawili kulikuwa na mtu mmoja aliyemuuliza sheria inasemaje, kwa adabu, na jemadari akaenda kuhakikisha mwenyewe.

Washirika wawili, mmoja wakili na mwingine afisa wa polisi aliyestaafu, wamekubali kukaa na vijana wa miaka 12 na kuendelea Jumatano hii baada ya maombi ya mchana. Watafanya mazoezi hasa, mmoja akiwa afande na mwingine kijana wa stejini, ili maneno yazoeleke mdomoni. Wazazi waje pia, na kopi ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Mashine ya kopi iko ofisini. Wazee watano wameshaandika majina yao kwa zamu ya kwenda kituoni saa yoyote ya usiku, na nafasi bado zipo kwa wengine. Mtoto wa jirani akitaka kuja, wa dini yoyote, aje naye.